Mtihani wa Kutojua Njia

Kulikuwa na nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana hata wenyewe siku hizi wakiulizwa hutazamana kwanza. Ilikuwa nchi ya amani kubwa. Amani hiyo ilikuwa na wizara yake, na wizara hiyo ilikuwa na mbwa. Mimi nasimulia tu, sina ugomvi na mtu, na viongozi wote wa nchi ile nawaheshimu, walio madarakani na wale ambao picha zao zimeshashushwa ukutani.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Kumbukumbu Rasmi, yenye ghorofa tisa na lifti moja mbovu. Kazi yake ilikuwa kuamua kitu gani kiliwahi kuwapo. Jengo likibomolewa asubuhi, saa sita mchana wizara ilitangaza redioni kwamba mahali hapo hapakuwahi kuwa na jengo, na kabla ya alasiri wananchi walikuwa wamekwisha kuzoea. Mtu alipita mbele ya shule aliyosomea, akakuta kifusi, akakohoa kidogo na kumwambia mwenzake kwamba yeye alifundishwa nyumbani.

Waliobaki kuwa tatizo ni madereva wa teksi.

Ramani zote zilikuwa zimechomwa hadharani, kwa ngoma na soda, lakini dereva wa teksi wa siku nyingi hakuhitaji karatasi. Abiria alipanda, akasema nipeleke kwa Mhindi wa magodoro, na gari likaondoka, ingawa Mhindi mwenyewe alihama zamani na duka lake lilikwisha kuwa kituo cha polisi. Mwingine alitaka kwa Bi Zamda wa sambusa, na Bi Zamda alikuwa marehemu, na nyumba yake ilikuwa barabara ya njia nne. Alifikishwa pale pale. Wizara ilifanya utafiti wa miaka mitatu, ikagundua kwamba madereva mia nne na sabini walikuwa wanazunguka, mchana kweupe, ndani ya mji ambao haupo. Waziri aliposomewa ripoti hiyo alishika kifua. Ndipo ukaanzishwa Mtihani wa Kutojua Njia.

Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi. Mkaguzi alivaa kiraia, akapanda teksi kama abiria yeyote, akataja mahali pasipokuwapo. Jibu sahihi lilikuwa moja tu: "Sipajui." Dereva aliyempeleka alifeli. Aliyepunguza mwendo akipita karibu na pale mahali alifeli. Kanuni ya kumi na nne ilikataza pia kushusha pumzi. Waliofeli walipelekwa kwenye Kozi ya Burudisho kwa wiki sita, huko ambako, kwa sababu zinazoeleweka, hakuna dereva aliyekujua.

*

Mzee Mtumweni alikuwa na miaka thelathini na minne kwenye usukani, yote katika kijiwe kimoja, mbele ya jengo la Bima. Gari lake lilikuwa jeupe lenye mstari wa kijani ubavuni, na viti vyake alivifunika vitambaa alivyovifuma marehemu mkewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, isipokuwa katika jambo moja. Katika jambo la njia alikuwa na kiburi, na kiburi hicho madereva wote wa zamani walikuwa nacho.

Abiria alipoanza kubabaika, "Nipeleke pale, sijui panaitwaje, kuna ukuta wa bluu, halafu," Mtumweni alimmalizia: "Halafu kuna fundi redio, unakata kulia, nyumba ya tatu." Kumwacha abiria ahangaike na maelezo ilikuwa aibu. Kumwacha aseme njia ya makosa na wewe umenyamaza ilikuwa mbaya zaidi, na dereva wa namna hiyo pale kijiweni aliambiwa waziwazi akatafute mkokoteni asukume. Walirithishana tabia hiyo bila kufundishana. Mtu akisema kushoto na ni kulia, midomo yao ilifunguka yenyewe.

Wa kwanza kufeli kijiweni alikuwa Pazi, rafiki yake Mtumweni tangu wote wawili wana nywele. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwomba ampeleke kwenye hospitali ya zamani ya kina mama, mahali walipozaliwa watoto wote wa Pazi. Pazi akasema sipajui, kisha akashusha pumzi. Yakawa yamekwisha. Mtoto mgongoni alikuwa mdoli, na mwanamke alikuwa Mkaguzi Daraja la Pili.

Wiki sita baadaye alirudishwa na gari la serikali. Alikuwa amenenepa, amevaa kofia mpya ya njano, na kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri. Wenzake wakamzunguka.

"Mwenzetu, habari za huko?" Mtumweni aliuliza.

"Chai ilikuwa nzuri," Pazi akasema.

"Sawa, chai. Lakini walikufanya nini?"

"Chai ilikuwa nzuri," Pazi akarudia, na tabasamu lake halikupungua wala kuongezeka.

Saa kumi alasiri aliwasha gari aende nyumbani. Alikizunguka kipilefti cha Bima mara moja, mara mbili, mara tatu. Alipofika mara ya saba, Mtumweni aliingia barabarani akamsimamisha. Pazi akateremsha kioo kwa adabu.

"Samahani, bwana mkubwa," akasema. "Kuna nyumba moja ambayo mke wangu yumo ndani. Hivi unaifahamu?"

Mtumweni aliingia kiti cha mbele akamwelekeza, kona baada ya kona, mtaa ambao Pazi aliishi kwa miaka ishirini na sita. Walipofika, Pazi alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akavua kofia na kusubiri akaribishwe. Mkewe alisimama kizingitini, kanga mdomoni. Mtumweni alirudi kijiweni kwa miguu, na njia nzima aliogopa, hofu ya kweli, ile inayokausha mate.

*

Hakuogopea leseni. Alimwogopea Sikudhani.

Sikudhani, mkewe, alifariki miaka tisa nyuma, akazikwa kwenye makaburi ya Kwa Mashine, yaliyoitwa hivyo kwa ajili ya mashine ya kusaga iliyokuwa jirani. Miaka miwili baadaye tingatinga zilikuja. Zilisawazisha mashine, zikasawazisha makaburi, na ikatangazwa kwamba hapo patajengwa Mji wa Kesho. Kesho haikufika. Palibaki majani, uzio wa mabati, na bango kubwa lenye picha ya Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akinyoosha kidole kuelekea kwenye majani hayo. Wizara ilieleza kwamba upande huo wa mji hakuna mtu aliyewahi kufa. Waliozoea kwenda kuzuru ndugu zao walishauriwa wasomee dua zao nyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa.

Hapakuwa na jiwe wala kibao wala tuta. Lakini Mtumweni alikuwa dereva, na dereva hupima. Kulikuwa na kidaraja cha mtaro chenye ukingo uliovunjika, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na nguzo ya umeme. Ukisimama kwenye kidaraja na kuipa nguzo mgongo, ukatembea moja kwa moja kupitia mabati yaliyopasuka, kwa Sikudhani ni hatua ishirini na mbili.

Kila Ijumaa, baada ya swala, alisimamisha gari kwenye kidaraja, akafungua boneti kana kwamba rejeta inachemka, akachukua dumu la maji. Aliingia kwenye upenyo wa mabati kama mtu anayetafuta bomba. Kwenye hatua ya ishirini na mbili alisimama, akasoma alichojua, akammwagia mkewe maji yale polepole kuanzia kichwani. Kisha alirudi, akafunga boneti kwa kishindo ili wapita njia wasikie, akaondoka.

Hawakujaaliwa mtoto. Ndugu za Sikudhani wengine walikuwa wamekufa, na wengine walikuwa wamekubali. Duniani kote alibaki mtu mmoja anayejua mama yule amelala wapi, na mtu huyo alikuwa anakaguliwa kila mwezi. Mtumweni alijua hesabu hiyo vizuri. Wakimpeleka kwenye kozi, akarudi na kofia ya njano, Sikudhani atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii bila wa kumzika.

Kwa hiyo alijifunza kutojua. Kila asubuhi akinyoa ndevu alijitazama kwenye kioo na kusema "Sipajui," mpaka uso ukaacha kutikisika. Alipimwa mara kumi na moja akafaulu zote. Walimletea bibi kizee aliyetaka kwenda kwenye kanisa lililobomolewa, wakamletea bwana harusi, wakamletea mtu anayelia. Sipajui. Sipajui. Pole sana ndugu yangu, lakini sipajui. Wizara ikampa cheti cha Dereva Asiyejua wa Mwaka, akakibandika kwenye dashibodi.

*

Jumatano moja saa tatu asubuhi alipanda mtu mfupi, suti safi, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana. Wapi?"

"Makaburi ya Kwa Mashine."

Mtumweni alihisi vidole vikikaza usukani. Akavilegeza. "Sipajui."

"Palikuwa na mashine ya kusaga mahindi."

"Sipajui, bwana."

"Mama yangu yuko pale."

"Pole sana. Sipajui."

Yule mtu hakulia wala hakubembeleza. Alifungua mkoba, akatoa daftari, akakaa vizuri. "Si kitu," akasema. "Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Wewe endesha, mimi nitakuelekeza." Hilo kanuni ililiruhusu, kwa kuwa dereva anayefuata mdomo wa abiria hahesabiwi kujua. Mtumweni akaondoa gari.

Mwanzoni abiria alielekeza sawasawa. Kipilefti, nyoosha, kushoto kwenye taa. Mtumweni alianza kupumua vizuri. Walipouona uzio kwa mbali, yule mtu akaegemea mbele.

"Sasa," akasema, "makaburi yalikuwa kushoto kwa mashine. Unaingilia kwenye lango la chuma."

Mtumweni hakugeuka. Alitazama barabara.

"Naam, lango la chuma, lenye rangi nyekundu. Ukishaingia tu kuna kisima. Kisima kikubwa. Nakumbuka watu walikuwa wanapanga foleni ya maji pale kisimani, kushoto kwa mashine."

Jasho lilimtoka Mtumweni puani. Aliuma ulimi. Alijaribu kufikiria bei ya sukari.

"Na kutoka kisimani unakwenda kushoto tena," yule mtu akaendelea kwa utulivu, "mpaka unafika ufukweni."

"Kulia," Mtumweni akasema.

Alijisikia mwenyewe akisema, na hakuweza kujizuia. "Kulia kwa mashine. Lango lilikuwa la miti, chuma kilitoka wapi? Na kisima hakikuwapo, lilikuwa bomba, tena bomba lenyewe bovu, na ufukwe uko upande mwingine kabisa wa mji, bwana, mtu akufikishe ufukweni kutoka Kwa Mashine, wewe ulizaliwa..." Gari lilikuwa limesimama, na ni yeye aliyelisimamisha, kwenye kidaraja cha mtaro.

"Endelea, mzee," yule mtu alisema taratibu, akiandika.

Huyo alikuwa Mkaguzi Mkuu Ndimbo, mtu wa sifa nyingi. Akafunga daftari. "Tumewajaribu madereva kwa machozi miaka miwili," akasema, "mnakaza roho. Lakini kuwakoseeni njia, hakuna anayemaliza dakika tano. Ni mimi niliyeligundua hilo."

"Nimefeli," Mtumweni akasema.

"Hapana, mzee. Umefaulu. Ndiyo maana nakuonea huruma."

*

Waziri wa Kumbukumbu Rasmi, Profesa Kilindo, alimpokea ghorofa ya tisa, akihema, maana naye alikuwa amepanda kwa ngazi. Alimkaribisha kiti. Kisha alisimama, akafunga vifungo vya koti, akahutubia chumba kizima, ingawa chumbani walikuwa watatu tu.

"Mzee wangu," akasema, "wizara hii imefanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Naomba uelewe hilo kabla ya mengine. Tumesahau kwa weledi. Tumesahau kwa viwango ambavyo majirani zetu wanakuja kujifunza. Sasa pamejitokeza changamoto."

Changamoto ilikuwa hii. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alikuwa ameota usiku tatu mfululizo. Ndotoni mama yake mzazi alimjia akamwomba maji. Mama huyo alizikwa Kwa Mashine zamani, kabla mwanawe hajawa mtu. Mheshimiwa alitaka kulizuru kaburi Ijumaa hiyo hiyo, na alikuwa amesema hivyo kwa sauti ya chini, sauti ambayo mawaziri waliiogopa kuliko makelele.

"Daftari la makaburi tulilichoma," alisema waziri. "Aliyelichoma tulimpa nishani, kisha tukampeleka kwenye kozi. Mchimba makaburi naye alikwenda kwenye kozi. Jana tulimleta hapa, tukambembeleza saa nne."

"Akasemaje?"

"Akasema chai ilikuwa nzuri." Waziri alijifuta jasho. "Wewe ulikuwa ukiwapeleka wafiwa. Unapajua alipolala?"

Mtumweni alikuwa anapajua. Aliikumbuka siku ile. Ilinyesha mvua, na msiba ulikuwa na watu wanne: majirani watatu aliowabeba yeye, na mchimba kaburi. Mtoto wa marehemu hakufika, alikuwa kwenye semina ya vijana wa chama. Na alikumbuka pia siku walipokuja kusimika lile bango kubwa, walivyochimba shimo refu na kumimina zege. Nguzo ya picha ya Mheshimiwa ilikuwa imesimama juu ya mama yake, au kwa kusema kweli, ilikuwa imempita katikati.

"Napajua," akasema.

Waziri na mkaguzi walitazamana kwa furaha, kisha furaha ikawatoka, kwa sababu walikuwa wamemsikia raia akisema neno hilo ndani ya wizara.

"Kisheria pale si mahali," waziri alieleza. "Kwa hiyo hutatupeleka. Wewe utaendesha gari lako kama kawaida, na sisi itatokea tu kwamba tuko nyuma yako."

"Na baada ya hapo?"

"Utapumzika. Wiki sita. Mtu anayejua kwamba mahali fulani paliwahi kupotea, huyo hatuwezi kumwacha hivi hivi."

"Na nikikataa?"

"Utapumzika kuanzia leo," alisema waziri, kwa upole kabisa.

Walimruhusu arudi nyumbani kwa siku hizo mbili, askari mmoja akiwa amekaa sebuleni kwake akifuatilia mpira redioni. Mtumweni alikaa kitandani akawaza. Kozi ilikuwa haikwepeki tena, iwe leo iwe Ijumaa. Akisema kweli kuhusu nguzo ya bango, kuna watu watakufa, na yeye atakuwa miongoni mwao, na tingatinga zitarudi kufukua eneo lote, Sikudhani akiwemo. Akinyamaza, atamsahau, na siku moja Mji wa Kesho utafika na kummwagia zege. Hakuwa na njia ya kubaki na mkewe. Alichokuwa nacho ni namna ya kumwacha, basi.

*

Ijumaa magari arobaini meusi yalimfuata Mtumweni mjini kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, maana hakuwahi kukimbiza gari na hakuona sababu ya kuanza. Mbele ya msafara zilikuwa pikipiki, na nyuma bendi. Wananchi walipanga mstari barabarani wakiipungia teksi mkono, kwa kuwa walikuwa wameambiwa wapunge na hawakuambiwa gari gani.

Kwenye kidaraja alisimama. Kwa mazoea akafungua boneti, akatoa dumu la maji, na bunduki kumi na mbili zikamwelekea. Alisubiri zishuke. Kisha akaipa nguzo ya umeme mgongo, akaanza kutembea, na Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akamfuata.

Alikuwa mfupi kuliko kwenye mabango, na miguu yake ilikuwa imevimba. Alipanda tuta la mtaro kwa kushika bega la Mtumweni.

Kwenye hatua ya ishirini na mbili Mtumweni alisimama. "Ni hapa."

"Una hakika?" Mheshimiwa aliuliza.

"Kila Ijumaa nahesabu, Mheshimiwa. Sijakosea hata siku moja."

Mheshimiwa aliwafukuza walinzi kwa mkono. Akapiga magoti kwenye majani. Akalia, kilio cha mtoto, bila kujificha, na Mtumweni alishangaa kujikuta anamwonea huruma. Hatua chache nyuma yao lilikuwepo lile bango, na kidole kilekile kimenyooshwa. Hakuna aliyegeuka kulitazama.

"Alikuwa ananiomba maji," alisema Mheshimiwa.

Mtumweni alimpa dumu. Akasimama kando, akamtazama mwanamume mwingine akimmwagia Sikudhani maji, vibaya, mengi mno mahali pamoja. Wivu ulimchoma. Alitaka kumwambia aanze kichwani, akajizuia, na hiyo ndiyo mara pekee maishani alipomwona mtu anakosea akanyamaza. Moyoni alisema: nisamehe, mke wangu. Watakuita kwa jina la mtu. Lakini hakuna tingatinga itakayokugusa tena.

"Wewe ulimfahamu?" Mheshimiwa aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Nilimfahamu sana."

"Alikuwaje? Mimi nimesahau."

Mtumweni alifikiri. "Hakupenda kelele," akasema. "Alifuma vitambaa. Akicheka alifunika mdomo kwa pindo la kanga, na akikasirika hasemi, anaosha vyombo ambavyo ni safi. Chumvi alikuwa anazidisha kidogo. Ukimwambia, kesho anazidisha tena."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema Mheshimiwa, machozi yakimtiririka. "Ndivyo alivyokuwa kabisa."

Gari la njano la kozi lilikuwa limekwisha kufika kwenye kidaraja. Mtumweni alifunga boneti ya teksi yake, polepole, kwa kuisukuma tu bila kishindo. Akamkabidhi askari ufunguo, akaingia mwenyewe.

*

Ndani ya wiki sita zile wizara ilionyesha uwezo wake. Palipanda jengo la marumaru lenye nguzo nane na mwali wa gesi usiozimika, ukiacha siku za mgao wa gesi. Ilitangazwa kwamba Kaburi la Mama wa Taifa limekuwapo hapo siku zote, na kwamba wananchi hawajawahi kuacha kulizuru. Watu walikubali kwa haraka kuliko kawaida, kwa sababu safari hii waliombwa wakumbuke kitu. Bango liliachwa mahali pake, likapakwa rangi mpya. Na mtihani ulifanyiwa marekebisho: abiria akitaja kwa Mama wa Taifa, dereva anayesema sipajui anafeli.

Mtumweni alirudi na kofia ya njano. Alikuwa amenenepa, na kucha zake zilikuwa safi. Wenzake walimzunguka wakauliza habari za huko, akawaambia kwamba chai ilikuwa nzuri. Saa kumi alipelekwa nyumbani na mke wa Pazi, ambaye siku hizo ndiye aliyewarudisha wanaume wa kijiweni makwao, mmoja baada ya mwingine, akiwashika mkono kwenye kuvuka barabara. Alipoingia ndani alivitazama vitambaa vya mkewe kwenye viti vya sebuleni, akasema ni vizuri, vimenunuliwa wapi.

Kazi aliendelea nayo. Abiria walimwelekeza, naye alifuata, kushoto au kulia, kokote walikosema, hata walipokosea.

Ijumaa moja mchana alipanda mama mmoja mwenye maua ya plastiki. "Kwa Mama wa Taifa," akasema.

"Napajua," Mtumweni alisema, kama alivyofundishwa. Hapo ndipo mahali pekee alipopajua.

Alimshusha penye foleni ya wanaozuru, akasogeza gari mbele kidogo kumsubiri. Alisimama kwenye kidaraja cha mtaro chenye ukingo uliovunjika. Gari halikuwa na tatizo lolote. Alishuka, akafungua boneti, akaitazama rejeta iliyokuwa baridi, akachukua dumu la maji. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nguzo ya umeme. Aliipa mgongo, akaanza kutembea.

Alikuwa anahesabu. Kumi na saba. Kumi na nane. Kwenye kumi na tisa alikuta mnyororo wa dhahabu, na askari kijana aliyevaa glavu nyeupe akamzuia kifuani kwa kiganja.

"Mwisho hapo, mzee wangu. Foleni iko kule."

Mtumweni hakusogea. Aliinamisha dumu, maji yakamwagika chini ya mnyororo, taratibu, yakatambaa kwenye marumaru na kuishia njiani.

"Mzee, unafanya nini?"

"Sijui," Mtumweni alisema.

Askari alimtazama kofia, akamtazama uso. Alikuwa amesomeshwa kwamba hilo ni jibu sahihi, kwa hiyo akamwacha. Mzee akabaki amesimama na dumu tupu, midomo ikimchezacheza kwa maneno ambayo mwenyewe hakuyasikia, na mbele yake zimebaki hatua tatu.